Siku ya Yadi Ina Saa Ngapi? Ada za Kulaza Magari Yaliyovutwa na Sheria ya Texas

Ndugu zangu, kina mama na kina baba, na nyinyi vijana mnaoendesha malori, asanteni kwa kuitika.

Leo tunazungumzia bili ya yadi. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye apatimenti au mbele ya duka hapa Texas, brekidauni ikalivuta bila ridhaa ya mwenyewe, na sasa liko nyuma ya uzio huku mtu wa dirishani akitaja jumla. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo jumla kama hiyo hujadiliwa: unasalimia, unaomba, unapunguziwa. Hapa bei imeandikwa kwenye sheria ya jimbo. Sura ya 2303 ya sheria za kazi na biashara za Texas inahusu yadi zenyewe, sura ya 2308 inahusu uvutaji, na msimamizi wa zote mbili ni Idara ya Leseni na Udhibiti ya Texas, TDLR, iliyokabidhiwa kazi hiyo mwaka 2007. Mwenye kuijua sheria hana haja ya kuomba. Anasoma bili mstari kwa mstari na kuuliza kila mstari umetoka wapi.

Kwa nini serikali iingilie bei ya biashara ya mtu? Kwa sababu biashara hii haina mnunuzi aliyechagua. Mwenye apatimenti ndiye anayeingia mkataba na kampuni ya kuvuta magari, na mara nyingi hatoi hata senti. Kampuni ya kuvuta huchagua yadi, ambayo mara nyingi ni yake yenyewe. Mwenye gari, ambaye ndiye atakayelipa, hakuulizwa chochote, na hawezi kusema hapa ni ghali nalipeleka kwingine. Isitoshe, kila siku anayokaa akitafuta pesa ndivyo deni linavyokua. Ushindani unaoshusha bei sokoni haupo hapa kabisa. Bila ukomo wa kisheria, bei sahihi ya yadi ingekuwa kiasi chochote ambacho mtu atalipa ili apate gari la kumpeleka kazini kesho.

Tuwe waadilifu pia kwa wenye yadi. Sheria inawataka wawe na uzio wa futi 6 au zaidi, sakafu isiyogeuka tope mvua ikinyesha, taa za usiku, leseni na bima. Yadi inayopokea magari saa 24 lazima iweze kuyatoa saa 24, ndani ya saa 1 tangu mwenye gari aombe. Na yapo magari yasiyofuatwa na mtu kamwe, yanayokalia nafasi mwezi mzima kisha yakauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Gharama hizo ni za kweli. Ndiyo maana sheria haikusema yadi isitoze. Imesema itoze nini na kwa hesabu ipi.

Mtasikia wakati mwingine hoja kwamba jimbo halina mamlaka, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 ilizizuia serikali za majimbo kupanga bei na huduma za wasafirishaji. Hoja hiyo ina majibu mawili. Kwanza, sheria hiyohiyo ya shirikisho imeyaachia majimbo kupanga bei ya kuvuta gari pale mwenye gari asipokuwa ameridhia. Pili, mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka New Hampshire. Mtu alikuwa mgonjwa kitandani, gari lake likavutwa wakati wa theluji, akaingia hospitali akakatwa mguu, na gari likatolewa kwa mtu mwingine yeye asipate chochote. Majaji wote 9, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, walisema kulaza gari na kuliuza baada ya kuvutwa si usafirishaji tena. Gari likishafika na kuegeshwa, safari imekwisha, na sheria ya jimbo inatawala.

Sasa bili yenyewe. Ukiacha gharama ya kuvuta, ambayo ina ukomo wake tofauti, yadi inaruhusiwa ada tatu zake yenyewe; nje ya hizo ni ile tu inayopaswa kupelekwa polisi au serikalini.

Ya kwanza ni ada ya kulaza kwa siku. Sheria iliandikwa hivi: kwa gari lisilozidi futi 25, kati ya dola 5 na dola 20 kwa siku, kwa gari refu kuliko futi 25, dola 35 kwa siku. Viwango hivyo vya juu hurekebishwa kufuata mfumuko wa bei, na vya sasa vimepita hapo kidogo; TDLR inavitangaza kwenye tovuti yake. Kwa hesabu za leo tutatumia dola 20, kwa kuwa ni rahisi kuzidisha.

Ya pili ni ada ya notisi, isiyozidi dola 50. Hii ni kazi ya kutafuta jina la mwenye gari kwenye kumbukumbu za usajili na kumtumia barua ya posta yenye uthibitisho, yeye pamoja na benki inayolidai gari kama ipo.

Ya tatu ni ada ya utunzaji, ambayo sheria iliiandika dola 20, inayotozwa mara moja. Hii ndiyo inayotumiwa vibaya kwa urahisi zaidi, maana wengi hudhani hutozwa tu kwa kuwa gari limeingia. Sivyo. Ni malipo ya kazi maalumu: kufunika gari kwa turubai pale inapohitajika ili lisiharibike, kuorodhesha kwa maandishi vitu vilivyomo, kuviweka mahali salama, kutafuta kumbukumbu za umiliki. Bili lazima itaje kazi ipi ilifanyika na tarehe gani. Ukiona mstari wa ada hiyo usio na maelezo, omba maelezo. Ukiambiwa vitu vyako viliorodheshwa, omba kuiona orodha.

Juu ya ada ya kulaza huongezwa kodi ya mauzo, kwa sababu Texas inakata kodi kwenye huduma ya kuegesha na kulaza magari. Jimbo linachukua asilimia 6.25, na miji na kaunti zinaweza kuongeza hadi ifike 8.25. Kodi hiyo ni halali, msiigombee.

Na baada ya hapo, basi. Sheria inasema wazi kwamba yadi haiwezi kutoza ada nyingine yoyote inayohusu kulaza gari. Ada ya lango, ada ya ofisi, ada ya kufunguliwa usiku, ada ya foklifti iliyosogeza gari ndani ya yadi, ada ya mafuta, ada ya picha: hakuna hata moja iliyomo. Tunalisisitiza jambo hili kwa kuwa ukomo wa bei usio na orodha iliyofungwa hauna nguvu. Yadi iliyobanwa kwenye dola 20 kwa siku ingebuni dola 40 za ofisi, na mwenye gari angekuwa palepale.

Tukija kwenye siku, hapa tunaomba mchukue kalamu. Kuweka ukomo wa bei ya siku bila kueleza siku ni nini ni sawa na kupanga bei ya kilo bila kukagua mizani. Texas imeeleza. Siku inaanza na kuisha saa sita usiku, na sehemu ya siku inahesabiwa siku nzima. Lakini kuna kinga moja: gari likikaa chini ya saa 12 kwa jumla, haitozwi zaidi ya siku moja, hata kama saa sita usiku imepita katikati.

Gari limeingia saa tano na nusu usiku, umelitoa saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa 6 na nusu tu. Utalipa siku 1, dola 20. Gari limeingia saa mbili usiku, umelitoa saa tatu asubuhi. Ni saa 13. Utalipa siku 2, dola 40. Ungefika saa moja na nusu ungelipa nusu ya hiyo. Na hili linauma zaidi: gari limeingia Jumatatu saa tano usiku, umelitoa Jumatano saa sita na nusu usiku, yaani nusu saa baada ya siku kugeuka. Ni saa 25 na nusu, lakini kwa kalenda ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Siku 3, dola 60.

Kwa hiyo saa mbili zilizoandikwa kwenye bili, ya kuingia na ya kutoka, zina thamani ya pesa. Saa ya kuingia ni ile gari lilipopokelewa yadini, wala si ile lilipovutwa. Ukifika usiku kabla ya saa sita na mhudumu akachelewa, piga picha dirishani ikiwa na saa, tuma ujumbe au piga simu kwa namba iliyo kwenye bango ili ibaki kumbukumbu ya muda uliofika. Kumbukeni ile saa 1 ya kulitoa gari. Ucheleweshaji wa yadi usikulipishe siku ya ziada, lakini bila kumbukumbu litakuwa neno lako dhidi ya lao.

Notisi nayo ina saa zake. Yadi hairuhusiwi kuituma kabla ya saa 24 kupita tangu ipokee gari, na kwa gari lililosajiliwa Texas lazima iitume kabla ya siku ya 5 kupita. Kwa gari la jimbo jingine, ina hadi siku ya 14. Ukilitoa gari ndani ya saa 24, au kabla notisi haijatumwa, zile dola 50 hazitozwi. Basi tazameni: gari limeingia Alhamisi saa nne usiku, mwenyewe amelifuata Jumamosi saa mbili asubuhi, na kwenye bili kuna dola 50 za notisi. Isingeweza kutumwa kabla ya Ijumaa saa nne usiku. Je, ilipelekwa posta saa ngapi kati ya hapo na Jumamosi asubuhi? Omba stakabadhi ya posta yenye tarehe. Kama stakabadhi hiyo haipo, bili sahihi hapo ni siku 3 za kulaza, dola 60, na kodi yake isiyozidi dola 4.95, na dola 20 za utunzaji kama kweli kazi ilifanyika, na gharama ya kuvuta.

Kinga nyingine iko hapohapo na watu wachache sana wanaijua: yadi haiwezi kutoza zaidi ya siku 5 za kulaza mpaka iwe imetuma notisi. Yadi iliyokaa kimya wiki tatu haina haki ya kudai wiki tatu.

Lakini kinga hiyo inafanya kazi tu kama jina lililoko kwenye usajili ni lako na anwani ni ya sasa. Hili ndilo tatizo kubwa la jamii yetu, na tunalisema kwa uchungu. Mtu ananunua gari kwa ndugu wa kanisani au msikitini, wanapeana pesa na funguo, hati ya umiliki inawekwa droo. Gari likivutwa, notisi inakwenda kwa muuzaji, pengine kwenye apatimenti aliyohama mwaka uliopita. Kisheria yadi imetimiza wajibu. Notisi ya pili hutumwa kuanzia siku ya 15 baada ya ya kwanza, na siku 30 baada ya hiyo ya pili gari linaweza kuuzwa mnada, mnunuzi akiwa bado anazunguka mitaa kulitafuta. Texas inatoa siku 30 za kuhamisha hati baada ya kununua gari. Zitumieni.

Kulitafuta kwenyewe hakuhitaji kuzunguka. Yadi ikipokea gari lazima iripoti polisi ndani ya saa 2: aina ya gari, namba zake, mahali lilipovutwa na yadi lilipo. Piga namba ya polisi isiyo ya dharura, taja namba ya gari au namba ya chesisi. Ukifanya hivyo asubuhi hiyohiyo, umeokoa siku.

Kulitoa, utahitaji kitambulisho chenye picha na kitu kinachokuunganisha na gari. Hati ya umiliki yenye jina lako inatosha. Kadi ya bima ambayo haijaisha muda na inayolitaja gari inatosha pia pamoja na kitambulisho, na hii imewasaidia wengi ambao hati yao bado ina jina la mwingine. Ipo pia fomu ya kiapo cha haki ya kulichukua gari iliyokubaliwa na TDLR. Iulizie kwa jina hilo. Kama hati zimo ndani ya gari lenyewe, yadi lazima ikuruhusu uzitoe kwenye droo ya dashibodi bila malipo. Na lazima ipokee pesa taslimu, kadi ya benki na kadi ya mkopo. Yadi inayosema leta taslimu tu inakuongezea siku, maana mashine ya benki ina kikomo cha kutoa kwa siku.

Ukiona umeonewa, usiliache gari yadini ukisubiri haki. Hili tunaomba mlishike. Kesi haisimamishi ada ya kulaza. Lipa, pata bili na risiti yenye kila mstari, chukua gari, kisha dai. Kama hoja yako ni kwamba gari halikustahili kuvutwa, au umetozwa kuvuta zaidi ya kiwango, nenda mahakama ya hakimu wa amani ya eneo lilikovutwa gari, ile inayoitwa JP, uombe kusikilizwa. Una siku 14 tangu gari lifikishwe yadini, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Yadi ina wajibu wa kukupa, unapolipa, maelezo ya haki hiyo, mahakama ipi, kampuni ipi ilivuta na nani aliidhinisha. Isipokupa maelezo hayo, siku 14 hazijaanza kuhesabiwa. Mahakama ikiona hapakuwa na sababu ya kuvuta, aliyeidhinisha ndiye anayebeba gharama ya kuvuta na kulaza. Na kampuni ya kuvuta, au mwenye eneo la maegesho, aliyevunja sheria kwa kukusudia au kwa kutojali anaweza kuwajibika kwako kwa dola 1,000 pamoja na mara 3 ya ada ulizotozwa.

Kama hoja yako ni ada za yadi zisizoruhusiwa, malalamiko yanakwenda TDLR, hata kwa mtandao. Ambatanisha bili, risiti, picha ya bango la bei na namba ya leseni ya yadi, ambayo lazima iwe imebandikwa. Malalamiko ya maneno matupu hayafiki mbali. Bili yenye ada ya lango inajieleza yenyewe.

Neno kwa madereva wa malori. Trela la futi 53 ni refu kuliko futi 25, hilo halina ubishi. Kichwa peke yake, bila trela, kinaweza kuwa kifupi kuliko futi 25. Kipime, kwa sababu tofauti ni dola 15 kila siku kwa viwango vya msingi. Uliza pia kama bili inahesabu gari moja au mawili.

Sasa tuseme yale ambayo sheria hii haijayatatua. Imebana bei ya siku, haijabana jumla. Gari la miaka 18 lenye thamani ya dola 1,200 linaweza kuliwa na yadi ndani ya wiki sita: siku 42 kwa dola 20 ni dola 840, ongeza notisi, utunzaji, kodi na kuvuta, na mwenyewe anaona heri aliache. Anapoteza gari, kisha kazi iliyotegemea gari. Aliyeibiwa gari, likapatikana na polisi na kupelekwa yadini, naye anatozwa kama aliyeegesha vibaya. Na notisi bado ni barua ya posta, wakati kila mtu ana simu mfukoni. Siku 5 za kuituma na 2 au 3 za kusafiri ni dola 140 au 160 kabla mtu hajajua lolote.

Bunge la Texas hukutana miaka ya witiri, kuanzia Januari, kwa siku 140 tu. Kati ya vikao, TDLR hutangaza mapendekezo ya kanuni na kupokea maoni ya wananchi, na maoni yanaweza kutumwa na mtu yeyote, raia au si raia. Tunayoomba ni matatu: jumla ya ada za kulaza isizidi sehemu fulani ya thamani ya gari, mwenye gari lililoibiwa apewe siku za kwanza bila ada tangu apate taarifa, na usajili wa gari uwe na nafasi ya namba ya simu, ili yadi itume ujumbe siku ileile inayoripoti polisi. Hili la tatu ndilo la bei nafuu kuliko yote, kwa kuwa yadi tayari ina wajibu wa kuripoti ndani ya saa 2. Ujumbe ungetoka pamoja na ripoti. Fomu za maoni ziko mezani pale nyuma, na wapo wa kuwasaidia kuandika kwa Kiingereza wale watakaopenda. Mwenye bili aje nayo, tuisome pamoja.